Konokono wa Senkondo

Mtu mmoja alikuwa na konokono mmoja, na konokono mwenyewe alikuwa amekufa. Hakuzidi punje ya ufuta. Ungemweka kiganjani ukapiga chafya, basi, ungekuwa umempoteza. Lakini mtu yule alimpenda kuliko vyote alivyokuwa navyo. Mkicheka sitawalaumu, ila ngojeni kwanza nimalize.

Mtu huyo aliitwa Senkondo, mzaliwa wa milima ya Upare, kule ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya mfereji wa kunyweshea migomba. Kuogelea hakujua. Hata pantoni ikiyumba kidogo tu, tumbo lilimchafuka. Lakini Mungu ana mambo yake: mtu wa milimani huyohuyo ndiye aliyewajua konokono wa kina kirefu cha bahari, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana, katika nyumba ya utafiti iliyojengwa karibu na ufuko. Wenzake walikwenda na meli, wakateremsha ndoo ya chuma hadi kule mwanga usikofika, wakachota tope. Yeye aliwangoja nchi kavu. Tope likiletwa alilichekecha kwa maji, akalikausha, akalitandaza kwenye sahani na kulichambua chini ya hadubini, chembe baada ya chembe, kama mama yake alivyokuwa akichambua maharage kwenye ungo.

Siku moja, katika tope la namna hiyo, akamwona. Gamba lake lilikuwa refu, jembamba, jeupe la kupenyeza mwanga, limezungushiwa vinundu vidogo kama shanga, mstari juu ya mstari. Lilijikunja kuelekea kushoto, na konokono wengi hujikunja kulia. Senkondo alisogeza jicho, akapandisha hadi kileleni, na hapo pumzi ikamkatika. Maana konokono hahami nyumba. Kadiri anavyokua huongeza chumba chini ya chumba, na kile chumba alichozaliwa nacho hukibeba kileleni mpaka kufa kwake. Cha huyu kilikuwa cha mviringo, laini, hakina shanga hata moja. Senkondo alikuwa ameona vyumba vya utotoni vya konokono wengi, wala hakuwahi kuona kama hicho. Tena ndani ya gamba mlikuwa na kivuli cheusi: nyama yenyewe, iliyokaukia humo. Alichotwa akiwa hai.

Akakaa naye asubuhi nzima akimuuliza maswali. Anakula nini huyu, mahali ambapo hakuna jani wala mwani? Shanga hizi anampambia nani, katika giza lisilo na jicho la kumtazama? Na kama utotoni hakuwahi kuelea na mikondo, maana chumba chake kilionyesha kwamba hakuelea, basi alifikaje kule, na ndugu zake wako wapi? Senkondo alikuwa mtu mzima mwenye mvi, lakini asubuhi ile moyo wake ulirukaruka kama wa mtoto aliyeokota yai la kanga porini.

Kisha akamkumbuka mama yake. Mama yake aliitwa Nakijwa, na alikuwa amefariki. Bahari hakuiona hata siku moja. Lakini kila Senkondo alipopanda mlimani likizo, mama alimkalisha jikoni, akamtaka amsimulie viumbe vya huko chini, na kwa kila kiumbe mama alikuwa na swali moja tu la kumuuliza: na huyo anakula nini? Senkondo akijua alijibu. Asipojua, mama alimwambia akirudi kazini akatafute. Ndiye aliyempa mwanawe hamu ya kujua. Majina ambayo Senkondo alikuwa amewapa konokono wapya katika maisha yake yalikuwa ya wakubwa, ya wafadhili, na moja la nahodha. Hakuna lililotoka moyoni mwake. Huyu, akasema, ataitwa kwa jina la Nakijwa. Hilo ndilo alilotaka, na hakutaka kingine.

Sasa, kumpa kiumbe jina kuna sheria zake, na ni sheria nzuri. Kiumbe hapati jina mpaka awekwe mahali ambapo yeyote mwenye shaka anaweza kuja kumtazama kwa macho yake. Ukimficha, utakayoyasema hata yakiwa kweli ni hadithi tu. Nyumba ile nayo ilikuwa na desturi yake iliyotokana na sheria hiyo. Saa nne, chai ya tangawizi ikiletwa na mihogo, wote walikutana kwenye meza moja ndefu. Juu ya meza palikuwa na hadubini ya wote. Aliyepata kitu asichokielewa alikileta pale, na kila mtu aliinama akatazama, wataalamu wa samaki, wa matumbawe, hata mhasibu. Desturi hiyo waliiita kuweka mezani. Kikishatazamwa, kiliingia kwenye makabati ya chuma ya ukumbini, ambayo hayakuwa na kufuli.

Siku ile ya kwanza Senkondo hakuweka mezani. Ngoja nihakikishe, akajiambia. Haraka haraka haina baraka. Siku ya pili akajiambia vilevile. Ukweli ni kwamba alikuwa ameingiwa na hofu. Katika nyumba ile palikuwa na mtaalamu mwingine wa konokono, Bi Mwanahawa, mwanamke wa Pangani, mchangamfu, mwepesi wa kuandika kuliko yeye. Senkondo angekaa na sentensi moja mpaka chai ipoe. Bi Mwanahawa angekuwa amemaliza ukurasa. Akimwona tu, Senkondo akawaza, atamwandika kabla yangu, na jina litakuwa lake. Bi Mwanahawa hakuwahi kumwibia mtu hata sindano. Lakini choyo hakina haja ya shahidi. Kikishaingia moyoni chenyewe ndicho mshtaki, ndicho hakimu, na hukumu kinatoa kabla ya kesi.

Tena palikuwa na jambo la pili lililomkwamisha. Umbo la gamba peke yake halitoshi kumjua konokono. Ulimi wake una meno, safu kwa safu, madogo kuliko vumbi, na mtu akiyaona hujua ukoo wake na chakula chake. Lakini ili uyapate huna budi kulivunja gamba, uilowanishe nyama, uitoe. Na Senkondo alikuwa na konokono mmoja tu. Akimvunja na mkono ukateleza, hana gamba, hana meno, hana jina. Asipomvunja, hatajua kamwe alikuwa nani. Alichukua sindano, akairudisha. Kesho yake akaichukua tena, akairudisha. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na Senkondo methali hiyo aliijua vizuri sana, ila aliijua kwa watoto wa wenzake.

Basi akaenda kwa seremala. Alikuwa na kipande cha mkulo, ule mti wa milima ya kwao wenye harufu nzuri, alichokuja nacho siku za msiba wa mama. Seremala akamtengenezea kisanduku kisichozidi kiberiti, mfuniko umekaza hata chungu hapenyi. Senkondo akatandika pamba ndani, akamlaza konokono juu yake. Aliona amempa heshima inayomstahili. Kisanduku akakitia kwenye droo, droo akaitia kufuli, na ufunguo akautia mfukoni.

Hapa lazima niseme jambo moja ili msije mkamwonea huruma asiyoistahili. Mbao hutoa mvuke mchachu usioonekana, na gamba la konokono ni aina ya chokaa. Vikifungiwa pamoja mahali pasipo na hewa, mvuke unalila gamba taratibu. Ndiyo maana makabati ya ukumbini yalikuwa ya chuma. Si kwamba Senkondo hakujua. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wageni wote wa nyumba ile, kwa ukali, kwamba konokono halazwi kwenye mbao. Lakini kanuni ile aliiona ni ya konokono wa watu. Huyu wake alikuwa kwenye mti wa nyumbani, tena kwa siku chache tu. Mtu akipenda kitu vibaya, hata anayoyajua hayamfai.

Alianza kuchelewa chai. Kisha akaacha kwenda. Mlango wake, ambao zamani ulikuwa wazi mpaka kuku wa jirani wakiingia, ukawa unafungwa. Asubuhi moja Bi Mwanahawa akabisha.

“Hodi, Mzee Senkondo. Chai inapoa. Leo nina kitu cha kuweka mezani, nataka jicho lako.”

“Kesho, dada yangu. Leo nimebanwa.”

“Mzee, au tumekukosea?”

“Hamjanikosea. Ni kazi tu.”

Na wakati anasema hayo, kiganja chake kilikuwa juu ya droo. Bi Mwanahawa akakitazama kile kiganja, akamtazama usoni, akaondoka. Senkondo akashusha pumzi, akashukuru kwamba ameokoka. Kitu gani kililetwa mezani siku hiyo hakuuliza, si siku hiyo wala baadaye. Yeye aliyekuwa akiuliza kila chembe ya tope imetoka wapi, alikuwa ameacha kuuliza.

Masika ikaingia. Mvua ilinyesha kutwa kucha, nguo hazikukauka, viatu vikaota ukungu kabatini. Senkondo hakukifungua kisanduku. Mwanzoni alikuwa akimchungulia konokono wake kila asubuhi, na siku ya kwanza kabisa alikuwa amemchora shanga kwa shanga, mchoro mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Lakini kadiri siku zilivyopita alitosheka kupapasa ufunguo mfukoni. Ni jambo la ajabu, ila mnalijua: mtu huacha kukitazama kitu anachokilinda, kwa sababu ya kukilinda.

Mvua ilipokatika na jua likatoka, aliamka na aibu. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na konokono bado hakuwa na jina. Leo, akasema, namvunja, iwe itakavyokuwa. Akaandaa sindano, sahani na maji, akafungua droo, akafungua kisanduku. Harufu ya siki ikampanda puani. Juu ya pamba palikuwa na kitu cheupe kisicho na mng'aro, shanga zimefutika, mfano wa chokaa iliyobanduka ukutani. Akakigusa kwa ncha ya brashi. Kikawa unga. Katikati ya unga ukabaki uzi mmoja mweusi uliolika kwa ukungu, usioweza kusema lolote juu ya meno ya mtu yeyote.

Senkondo alilia. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha baadaye. Alimlilia konokono, na alimlilia mama yake kama vile amekufa asubuhi hiyo. Kazi iliyopotea ilimuuma, lakini kilichomchoma zaidi ni kwamba hakujua, na sasa hatajua, kiumbe yule alikuwa anakula nini. Halafu akasikia vikombe vinagongana ukumbini. Ilikuwa saa nne. Akafuta uso, akachukua kisanduku kwa mkono mmoja na mchoro kwa mwingine, akaenda, akaviweka mezani.

“Nilikuwa na kitu,” akasema. “Nikawaficha. Sasa sinacho.”

Aliyekuwa akitania akaurudisha muhogo sahanini. Hakuna aliyemlaumu. Bi Mwanahawa aliuvuta mchoro, akautazama muda mrefu, kilele kwanza, kisha shanga, kisha mkunjo wa kushoto. Akainuka, akaenda kwenye makabati ya chuma, hatua chache tu kutoka mlango wa Senkondo, akafungua lisilo na kufuli, akarudi na kichupa. Alichotoa humo akakiweka chini ya hadubini, akampisha.

Senkondo akainama. Shanga zilikuwepo, mstari juu ya mstari. Mkunjo ulikwenda kushoto. Kileleni kilikuwepo kile chumba cha mviringo, laini, na ndani kivuli cheusi cha nyama iliyokauka. Akainua kichwa, akamtazama Bi Mwanahawa.

“Nilimweka mezani siku ile uliyokataa chai,” akasema Bi Mwanahawa. “Tangu siku hiyo namtafutia mwenzake.”

Wangekuwa wawili. Mmoja angevunjwa na mmoja angebaki mzima, na hofu yote ile ya sindano isingekuwepo. Mbele ya macho ya watu wote, nusu ya jibu ilikuwa imekaa kabatini muda wote ambao nusu nyingine ilikuwa inaliwa gizani. Senkondo aliliona hilo, na wote waliliona.

Bi Mwanahawa akampa sindano. Alisema mkono wa Mzee ni mwepesi kuliko wake, na ilikuwa kweli. Senkondo akarudi nyuma. Akauliza, je, akivunjika?

“Akivunjika tutajua alikuwa nani,” akajibu Bi Mwanahawa. “Asipovunjika hatutajua.”

Basi akamvunja, pale pale mezani, watu wamemzunguka na chai zao zimepoa. Sehemu ya chini ya gamba ilipasuka vipande. Ya juu, pamoja na chumba cha utotoni, ilibaki nzima, na hiyo ilitosha kuwekwa mahali pa kutazamwa na mwenye shaka. Nyama ikalowekwa. Polepole ulimi ukatolewa, ukatandazwa kwenye kioo, na meno yakaonekana. Hayakuwa makali kama visu. Yalikuwa kama vichana, kila jino lina vidole virefu vyembamba, na safu zake zilipangana namna ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona. Ni meno ya kuchokolea sifongo, wale viumbe wenye matundu wanaoota kwenye miamba ya chini kabisa. Watu wakapanga foleni kutazama. Mhasibu alitazama mara mbili. Na Senkondo, aliyekuwa akilia muda si mrefu, alijisikia anacheka na kusema kwa sauti: “Kumbe ulikuwa unakula sifongo!” Alisema kana kwamba yuko jikoni mlimani na kuna mtu anamsubiri amjibu.

Furaha ilipotulia, ikafika zamu ya jina. Kwa sheria lilikuwa la Bi Mwanahawa kulitoa, maana konokono aliyebaki ni wake. Lakini alikuwa mtu wa haki. Akamgeukia Senkondo.

“Mchoro ni wako, Mzee. Meno umeyatoa wewe. Una jina?”

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kulitaja ilikuwa kufungua mdomo tu. Lakini Senkondo akawaza: kwa uso gani? Mimi niliyemfungia mlango, leo nimwombe ambebeshe konokono wake jina la mama yangu? Itabidi nimweleze mama alikuwa nani, na jikoni, na maswali yake, mbele ya watu wote hawa. Akaona ni adabu kunyamaza. Akaona ni unyenyekevu.

“Sina,” akasema. “Toa wewe.”

“Kweli huna, Mzee?”

“Kweli.”

Bi Mwanahawa akachukua kalamu. Kisha akampa konokono jina la bonde la bahari alikochotwa. Lilikuwa jina zuri, na kwa jina hilo anajulikana hadi leo katika kila nyumba ya elimu. Siku ile Senkondo alirudi nyumbani akiwa amejiona mwepesi, kama mtu aliyekwisha kufunzwa na kufunzika, na wenzake walimsifu njia nzima kwamba Mzee amekuwa mnyenyekevu.

Konokono wa kwanza tunajua aliliwa na nini. Je, ndugu zangu, jina la Nakijwa lililiwa na nini?